Je, Babu Yuko Motoni? Neno Jehanamu na Wakristo Wanaolihoji

Mtoto wa dada yangu ana miaka kumi. Jioni moja alirudi nyumbani kutoka kwenye mkutano wa injili uliokuwa ukiendelea uwanjani hapa Bagamoyo, akajikunyata kwenye mkeka, akakataa kula. Wali na samaki wa kupaka vikapoa mbele yake. Mama yake alimbana weee, hasemi. Mwisho akanigeukia mimi: "Mjomba, babu yuko motoni?"

Babu yake mzaa baba alikuwa Muislamu. Tulimzika mwaka juzi, na mimi mwenyewe nilitia bega kwenye jeneza kama wanaume wengine wa mtaa. Kwetu huku ukoo mmoja unaweza kuwa na sista na mwalimu wa madrasa. Maulidi ikifika tunakula pilau pamoja, Krismasi vilevile, na msiba ukitokea hakuna anayemuuliza mwenzake anasali wapi. Sasa mhubiri alikuwa amesimama kwenye jukwaa, akatangaza kwa kipaza sauti kwamba kila aliyekufa bila kumpokea Yesu anaungua saa hii tunavyoongea, na ataungua milele. Mtoto alichukua maneno yale, akayapeleka moja kwa moja kaburini kwa babu yake.

Upande wa pili kuna zile habari zinazozunguka kwenye simu. Mwaka 2018 ulimwengu mzima ulisomewa kwamba Papa Fransisko amesema jehanamu haipo. Vatikani ikatoa taarifa kwamba yale hayakuwa maneno yake kama alivyoyasema, bali mwandishi wa gazeti la Italia aliyaandika kutokana na mazungumzo yao. Lakini habari ikishatoka haina mlango wa kurudia. Wapo waliofurahi, wapo waliosema hizi ndizo dalili za mwisho wa dunia, na wengi wakabaki katikati, hawajui Kanisa linafundisha nini na hao Wakristo wanaoitwa wa mrengo huria wanataka nini.

Mimi si padri. Ni Mkatoliki wa kawaida wa mji huu. Nimewahi kusaidia kufundisha watoto wa kipaimara, na swali la jehanamu limenifuata tangu ujana. Nitalieleza kadiri nilivyolielewa, na nitasema wazi ninaposimama.

Tuanze na nyumba

Ukipita Mji Mkongwe utaona majumba ya mawe ya matumbawe yaliyopigwa chokaa, dari zimebebwa na boriti za mikoko. Fundi anayejua kazi, akiitwa kukarabati nyumba ya namna ile, haanzi na nyundo. Anagonga ukuta kwa vidole na kusikiliza. Panapolia wazi anajua chokaa imeachana na jiwe, na hapo ndipo anapobandua.

Imani ya Kikristo nayo ina jiwe, ina chokaa, ina rangi. Jiwe ni lile Mkristo analoegemea maisha yake: kwamba Mungu yupo, kwamba ni pendo, kwamba katika Yesu alitukaribia. Chokaa ni mafundisho, yaani maelezo ambayo Kanisa limeyatunga kwa karne nyingi ili jiwe lishikamane: lini, vipi, kwa sababu gani. Rangi ni picha zilizopakwa juu ya maelezo hayo, kama lile shimo la moto lenye mashetani wenye mikia na mikuki ya meno matatu ambalo wengi tuliliona kwenye michoro tukiwa wadogo.

Wakristo wa mrengo huria ni watu wanaotaka kubaki na Yesu huku wakiyapima upya mafundisho waliyorithi. Hawana dhehebu moja. Wapo Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri, Wapentekoste, na wengine hawaendi tena kanisani lakini bado wanasali. Wanaogonga ukuta na wanaobomoa nyumba si watu wamoja, ingawa kelele zinafanana kwa aliye nje. Kwa hiyo ninaposikia "anayehoji jehanamu ameikana imani," naona watu wamechanganya rangi na jiwe.

Neno lililotoka bondeni

Biblia ya Kiswahili ambayo wengi wetu tumekua nayo, tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952, imetufanyia wema ambao hatuujui. Imetenganisha maneno mawili, kuzimu na jehanum. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ambayo ilizaa mahubiri mengi yaliyotufikia, mara nyingi iliyatia yote katika neno moja, kama mtu anayemimina mchele, mtama na kunde katika gunia moja kisha akauza kwa bei moja. Mhubiri aliyejifunza kwa gunia lile anasoma "kuzimu" na kuona moto, hata pale ambapo pameandikwa giza na kimya tu.

Kuzimu kwa Kiebrania ni Sheoli. Agano la Kale limeitaja zaidi ya mara 60. Ni mahali wanapokwenda wafu, wema kwa wabaya. Yakobo, baba wa makabila kumi na mawili, alipodhani Yusufu ameliwa na mnyama, alisema atamshukia mwanawe hata kuzimu huku akisikitika (Mwanzo 37:35). Ayubu katika mateso yake alitamani Mungu amfiche huko mpaka ghadhabu ipite. Nani angetamani kufichwa katika tanuri? Mhubiri 9:5 inasema wafu hawajui neno lolote. Waliotafsiri walichagua vizuri: kuzimu ni neno letu la Kibantu, ndugu wa mzimu, mahali pa waliotangulia. Bibi zetu walilifahamu kabla hawajaona Biblia.

Tena tunaposali Nasadiki ya Mitume tunasema kwamba Yesu mwenyewe, baada ya kuzikwa, "akashukia kuzimu". Hatumaanishi alikwenda kuadhibiwa. Tunamaanisha alikwenda walipo wafu. Nasadiki ile, na hata ile ndefu ya Nikea, haina neno jehanamu wala moto. Inasema atakuja kuwahukumu wazima na wafu, basi. Nilikuwa nimeisali kwa miaka zaidi ya ishirini kabla sijaligundua hilo.

Jehanamu ni habari nyingine. Neno limetufikia kwa njia ya Kiarabu, jahannam, ndiyo maana Muislamu na Mkristo wa pwani wanalitumia pamoja. Lakini mizizi yake ni ya Kiebrania: Ge-Hinomu, Bonde la Hinomu. Bonde hilo ni la kweli. Liko kusini na magharibi mwa Yerusalemu ya kale, lipo mpaka leo, na watu wanapita humo kwa miguu.

Kisa chake kinatisha. Wafalme Ahazi na Manase, kwa mujibu wa kitabu cha pili cha Nyakati, waliwapitisha watoto wao wenyewe motoni katika bonde hilo kama sadaka. Mfalme Yosia akaja kupanajisi mahali pale ili mtu asirudie tena. Nabii Yeremia akapaaza sauti dhidi ya jambo hilo, na ninaomba msomaji asome mstari huu taratibu, Yeremia 7:31. Mungu anasema watu wamejenga mahali pa juu katika bonde la mwana wa Hinomu "ili kuwateketeza wana wao na binti zao motoni, jambo ambalo mimi sikuliagiza, wala halikuingia moyoni mwangu."

Halikuingia moyoni mwangu. Kwangu mimi hapo ndipo ukuta unapolia wazi. Bonde ambalo jina lake limekuwa jehanamu ni mahali ambapo wanadamu walichoma watoto wakidhani wanampendeza Mungu, na Mungu akasema hajawahi hata kulifikiria jambo kama hilo. Sisi tumechukua jina la bonde lile lile, tukamwambia mtoto wa miaka kumi kwamba Mungu huwachoma watoto wake humo, tena bila kikomo.

Kuna maelezo yanayopendwa sana na watu wa mrengo huria wenyewe, nami niliyarudia kwa miaka: kwamba enzi za Yesu Bonde la Hinomu lilikuwa jalala la mji, takataka zikiwaka usiku na mchana, na kwamba Yesu alikuwa akiwaonyesha watu lile jalala kwa kidole. Yanavutia, lakini ushahidi wake ni dhaifu. Maandishi ya wazi tuliyonayo kuhusu jalala hilo yanatoka kwa rabi mmoja, David Kimhi, aliyeandika kama mwaka 1200, zaidi ya miaka elfu moja baada ya Yesu. Anayetaka wengine wapime mafundisho yao hana budi kupima na ya kwake. Hoja ya Yeremia inatosha bila jalala.

Yesu alisema nini basi

Alilitaja bonde lile, na hapa sitamung'unya maneno. Katika Agano Jipya neno jehanum linatokea mara 12. Mara 11 liko kinywani mwa Yesu na moja katika waraka wa Yakobo. Paulo, aliyeandika nyaraka kwa mataifa, hakulitumia hata mara moja. Injili ya Yohana pia haina.

Wasikilizaji wa Yesu walikuwa Wayahudi. Kati ya Yeremia na Yesu ilikuwa imepita miaka kama 600, na katika muda huo jina la bonde lilikuwa limegeuka kuwa ishara ya hukumu ya Mungu. Hawakukubaliana kuhusu hukumu hiyo. Katika mafundisho ya marabi yaliyokusanywa kama mwaka 200 imo kauli kwamba hukumu ya waovu katika Jehanamu huchukua miezi 12. Wengine walidhani waovu huangamia kabisa. Wengine walifundisha mateso yasiyo na mwisho. Yesu alipolitamka neno, hakuna aliyemuuliza ana maana gani, na yeye hakuchora ramani. Alilitumia mara nyingi kuwaonya watu wa dini: wanaomwita ndugu mpumbavu, wanaowakwaza wadogo, waandishi na Mafarisayo wanaowafungia wengine mlango. Sijaona pahali alipolitumia kumtisha mgeni wa dini nyingine. Msamaria alimfanya mfano wa kuigwa.

Wanaoshikilia fundisho la jadi wana hoja zao, tena si za kubezwa. Ya kwanza ni kisa cha tajiri na Lazaro katika Luka 16, ambapo tajiri yumo kuzimu na anateseka katika moto. Wanaohoji hujibu kwamba kisa kile kimewekwa kwenye mfululizo wa mifano, na shabaha yake ni tajiri aliyempita maskini mlangoni pake kila siku. Naliona jibu hilo kuwa na nguvu, ingawa halimalizi kila kitu.

Ya pili ni Mathayo 25:46, wabaya wataingia "katika adhabu ya milele, bali wenye haki watakwenda katika uzima wa milele." Neno la Kigiriki ni lile lile mara zote mbili. Agostino wa Hippo, askofu wa Kanisa la kale, aliuliza: kama uzima hauna mwisho, mtapataje kuipa adhabu mwisho? Hapa ndipo mabishano yote yalipo, kwenye neno "milele". Kwa Kigiriki ni aionios, limetoka kwenye aion, yaani enzi au zama. Waliozaliwa nalo, kama walimu wa Kanisa la kale Origen na Gregori wa Nissa, walisoma kwamba ni adhabu ya zama zijazo, ya kiwango kingine na si ya siku zetu hizi, na kwamba shabaha yake ni kuponya. Agostino alisoma zaidi Kilatini, na mwenyewe alikiri kwamba Kigiriki hakukipenda shuleni. Kwa Kilatini neno lilikuwa limeshakaza: bila mwisho.

Sisi tunalielewa jambo hili kuliko tunavyodhani. Mtu wa Bagamoyo akisema "nimekusubiri milele pale kituoni," nani anadhani bado yuko kituoni? Lakini tukisema Mungu ni wa milele hatumaanishi saa mbili. Neno hupata urefu wake kutokana na kile linachokieleza, na swali la kweli ni kama adhabu ya Mungu ina urefu sawa na Mungu mwenyewe.

"Hayo ni mambo ya Wazungu wa leo"

Hili nalisikia sana, na linaniuma kwa sababu ni kinyume cha historia.

Origen alizaliwa kama mwaka 185 huko Aleksandria, Misri. Mwafrika. Alifundisha kwamba mwisho wa yote Mungu atarejesha kila kiumbe kwake, kwa hiari na kwa muda mrefu kadiri itakavyohitajika. Gregori wa Nissa, aliyeishi karne ya nne katika nchi ambayo leo ni Uturuki, alifundisha jambo linalofanana sana na hilo, na Kanisa linamwita mtakatifu mpaka leo. Agostino, aliyeishi kati ya 354 na 430, naye alikuwa wa Afrika, upande wa Aljeria ya sasa. Alipoandika kuhusu adhabu ya milele alikiri kwamba wako Wakristo wenzake wengi wenye huruma wasiokubaliana naye. Mwaka 553, miaka 300 baada ya Origen kufa, mafundisho yaliyobeba jina lake yakalaaniwa Konstantinopoli. Tangu hapo upande wa Magharibi ulimfuata Agostino, na picha zikaongezeka karne kwa karne, mpaka tukapata ule mchoro wa mashetani.

Ruka miaka elfu na zaidi. John William Colenso alikuwa askofu wa Kianglikana huko Natal, Afrika Kusini. Wazulu aliokuwa akitafsiri nao Biblia walimwuliza maswali aliyoshindwa kuyajibu kwa majibu ya kitabu, likiwemo la gharika ya Nuhu: je, haya yote ni kweli? Mwaka 1861 akachapisha ufafanuzi wa Waraka kwa Warumi uliokataa kwamba wasiosikia injili wamehukumiwa mateso ya milele. Mkuu wake wa Cape Town akamvua uaskofu 1863. Baraza la rufaa London likalitengua tendo hilo 1865. Tunaambiwa maswali yalitoka Ulaya kuja Afrika. Hapa askofu kutoka Ulaya aliulizwa na Waafrika.

Na jirani yetu John Mbiti wa Kenya, padri wa Kianglikana aliyezaliwa 1931 na kufariki 2019, alichunguza jinsi Wakamba walivyofundishwa na wamisionari habari za moto, mbingu na mwisho wa dunia. Katika kitabu chake cha mwaka 1971 alionyesha kwamba alama za Biblia zilipokelewa kama vitu vya kushikika, moto ukawa moto wa kuni. Wala si ujinga wa waliofundishwa. Walipewa alama bila kupewa maelezo. Mbiti ndiye huyo huyo aliyechukua maneno yetu mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, kueleza jinsi Waafrika wengi wanavyouona wakati, na waliokufa wanavyoendelea kuwa pamoja na walio hai.

Makanisa yenyewe yanasemaje

Watu hushangaa wakisikia kwamba Wasabato, ambao ni majirani zetu na hakuna anayewaita walegevu, hawafundishi mateso ya milele. Wao wanasema mfu amelala hajui kitu, na waovu mwishoni huteketea na kutokuwepo. Wanasoma Mathayo 10:28, ambapo Yesu anasema mwogopeni awezaye "kuangamiza mwili na roho pia katika jehanum", na kwao kuangamiza ni kuangamiza. Wanaosema "ukiondoa moto wa milele watu watafanya watakavyo" wakawaangalie Wasabato siku ya Jumamosi.

Kanisa Katoliki linafundisha kwamba jehanamu ipo na ni ya milele. Katekisimu imelisema hilo bila kuficha. Lakini linasema pia mambo ambayo mkutano wa uwanjani hauyasemi. Adhabu kuu ni kutengana na Mungu. Tarehe 28 Julai 1999 Papa Yohane Paulo wa Pili alieleza mbele ya mahujaji kwamba jehanamu, kuliko kuwa mahali, ni hali ya mtu aliyejitenga mwenyewe moja kwa moja na Mungu. Kanisa limetangaza watakatifu wengi, ila halijawahi kutangaza kwamba mtu fulani kwa jina lake yuko motoni, hata Yuda. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu Kanisa, ya mwaka 1964, inasema wasioijua injili bila kosa lao, wakamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, wanaweza kupata wokovu. Na inawataja Waislamu kwa heshima kama wanaomwabudu pamoja nasi Mungu mmoja mwenye huruma. Mwaka 2007 tume ya wanateolojia ya Vatikani iliandika kwamba ipo sababu ya kutumaini kwamba watoto wachanga waliokufa bila ubatizo wameokolewa. Mama zetu wangapi walizika vichanga wakiambiwa vingine?

Nimewahi kukaa katika rozari ya jumuiya, jirani na bibi mmoja, nikaisikiliza kwa makini ile sala fupi inayofuata kila fungu. Tunamwomba Yesu atuokoe na moto wa milele, na katika pumzi ile ile tunamwomba aziongoze mbinguni roho zote. Zote. Bibi zetu wanasali hivyo kila Oktoba na kila Mei, kwenye mikeka, bila kuogopa kuitwa wa mrengo huria.

Sasa nitasema ninaposimama. Simwambii mtu kwamba hakuna hukumu. Aliyewauza watu pale ufukweni na aliyeuzwa hawawezi kukutana na Mungu kana kwamba hakuna kilichotokea. Mungu asiyejali hilo si mwema. Ninachokikataa ni adhabu isiyo na shabaha, inayoendelea baada ya kila deni kulipwa mara milioni, kwa mkono wa yule tuliyefundishwa kumwita Baba. Namtumaini Paulo aliyeandika kwamba "kama katika Adamu wote wanakufa, kadhalika na katika Kristo wote watahuishwa." Hili ni tumaini langu, na mtu anaweza kuwa Mkristo mwema akaliona kuwa limevuka mpaka.

Gharama ya hofu ninaijua. Mwaka 2023, pwani hii hii yetu, msitu wa Shakahola kule Kilifi, watu waliohubiriwa mwisho wa dunia walifunga mpaka kufa, watoto wakiwamo. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Sisemi kila anayehubiri moto ni sawa na hilo. Nasema mtoto akishazoeshwa kwamba imani ni kukimbia moto, yeyote anayekuja na moto mkubwa zaidi atamfuata.

Carlton Pearson alikuwa askofu wa Kipentekoste huko Tulsa, Marekani, mwenye waumini maelfu. Katika miaka ya tisini, akiangalia kwenye televisheni wakimbizi wa Rwanda, akina mama waliokauka na watoto wenye njaa, aliwaza kwamba kwa fundisho lake mwenyewe watu wale wakifa wanaingia jehanamu. Akashindwa kulivumilia wazo hilo. Akaanza kuhubiri kwamba upendo wa Mungu umewachukua wote. Mwaka 2004 maaskofu wenzake walimtangaza mzushi, waumini wakamkimbia. Alifariki 2023. Waliomgeuza walikuwa watu wa Maziwa Makuu, jirani zetu, na hawakujua.

"Basi Yesu alikufa kwa nini?"

Swali hili hufuata mara moja, nami nitaligusa kwa kifupi. Hapa Bagamoyo tuna neno ambalo lilikuwa na pesa mkononi: kukomboa. Mapadri wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni 1868, waliwanunua watumwa, hasa watoto, ili kuwaacha huru. Wakajenga Kijiji cha Uhuru. Pesa ilikwenda kwa mfanyabiashara wa watu. Tukisema Yesu ni Mkombozi, alimlipa nani? Origen alisema Shetani. Gregori wa Nazianzo, mwalimu mwingine wa Kanisa la kale, akakasirika: mnyang'anyi alipwe? Na Baba naye, kwa nini adai damu ya mwanawe? Mwaka 1098 mwanateolojia Anselmo wa Canterbury akaeleza kwa lugha ya heshima ya bwana mkubwa iliyovunjwa na lazima irudishwe. Mwanateolojia mwenzake Abelardo, muda mfupi baadaye, akasema msalaba ni upendo ulioonyeshwa mpaka mwisho ili mioyo yetu igeuke. Kanisa halikuwahi kuingiza hata moja ya maelezo hayo katika Nasadiki. Pale tunasema tu "kwa ajili yetu sisi wanadamu, na kwa ajili ya wokovu wetu." Anayehoji hesabu ya deni na malipo hajaugusa msalaba wenyewe.

Mnara wa kanisa la kwanza la misheni bado umesimama. Humo ndimo ulimolazwa mwili wa David Livingstone ulipofika Februari 1874, umebebwa kwa miguu miezi tisa kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Waliouongoza msafara ni Chuma, aliyekuwa Mkristo, na Abdullah Susi, ambaye wakati ule alikuwa Muislamu; alibatizwa baadaye sana, 1886. Moyo wa mmisionari waliuzika kule chini ya mti, mwili wakaubeba ili ndugu zake wauzike. Nikiwapeleka watoto wa kipaimara pale mnarani huwauliza: Susi angefia njiani, kabla ya kufika Bagamoyo, mnadhani Mungu angemwambia nini? Sijawahi kupata mtoto aliyejibu "moto". Watu wazima ndio wanaosita.

Usiku ule sikumwambia mpwa wangu habari za Origen wala Anselmo. Nilichukua Biblia, nikafungua Yeremia 7, nikampa asome mwenyewe. Alisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari, akakwama kwenye "Tofethi", jina la mahali pale pa juu, akaendelea mpaka "wala halikuingia moyoni mwangu." Akauliza Hinomu alikuwa nani. Nikamwambia ni jina tu la mwenye bonde, hakuna anayemkumbuka. Akauliza kama mle bondeni bado kuna moto. Nikamwambia hakuna, watu wanapita.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama samaki amebaki. Mama yake akaenda kupasha wali.